Unga mweupe alioleta mwanangu kutoka kiwanda cha shaba

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Mwanangu amefanya kazi miaka miwili nchi ya nje, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kazi yake ni kukwangua mabomba yanayopitisha moshi wa tanuru. Mwezi uliopita amerudi likizo hapa Makorora na mfuko wa unga mweupe wenye kijivu, kama kilo mbili, akasema huko wenzake huutumia kuua mchwa. Kweli mchwa wametumaliza. Amekwisha kunyunyiza vikombe viwili kuzunguka nguzo za banda la kuku, si mbali na kisima. Binti yangu anasema huo unga una aseniki. Mwanangu mwenyewe viganja vimekuwa vigumu na miguu inamfa ganzi, ila anasema hana wasiwasi kwa kuwa hunywa maziwa kila jioni kuondoa vumbi. Je, ni hatari kweli? Na haya malori ya shaba yanayoshuka bandarini Tanga, yanatuletea vumbi hilohilo? – Mama wa Makorora

JIBU: Waalaikumu salaam, mama. Nitaanza na la kufanya leo, maelezo yatafuata.

Watoto na kuku watoke kwenye eneo la banda sasa hivi, na mbuzi pia kama mnao. Pale uliponyunyizwa unga msifagie, maana ufagio utaurusha hewani na mtauvuta. Tafuteni turubai au nailoni nzito, mfunike sehemu yote iliyonyunyizwa na hatua moja zaidi kila upande, kisha mkandamize kingo kwa mawe. Kazi hiyo aifanye mtu mzima mmoja, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, akiwa na barakoa, glavu na viatu vya kufunika. Asiwe mwanao, yeye amekwisha kupata fungu lake. Turubai ni kwa ajili ya mvua: ikinyesha kabla halijawekwa, mtakuwa na kazi nyingine kubwa zaidi ya hii.

Mfuko uliobaki msiufungue hata kwa kuonyeshana. Uingizwe taratibu ndani ya mfuko mwingine mzito, ufungwe, kisha ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza. Andikeni juu yake SUMU kwa wino mzito, na mchore fuvu kwa ajili ya mtoto asiyejua kusoma. Ndoo ikae kwenye chumba chenye ufunguo, mbali na jiko na mahali pa chakula. Msiumwage chooni, msiuchome, msiuzike, msiupeleke baharini. Maji ya kisima hicho msinywe wala msipikie mpaka yapimwe, tumieni ya bomba. Msiyachemshe mkidhani yatasafika. Kuchemsha huua vijidudu, lakini aseniki hubaki kwenye sufuria huku maji yakipungua, kwa hiyo kila lita iliyobaki huwa na sumu zaidi ya mwanzo. Mayai ya kuku hao nayo yaacheni kwa sasa, kwa sababu aseniki anayodonoa kuku hupita mpaka kwenye yai.

Baada ya hapo nenda kwa afisa mazingira wa Halmashauri ya Jiji la Tanga. Usimwambie tu kwamba una sumu ya mchwa, atakuelekeza kwa bwana shamba. Mwambie una kilo mbili za vumbi la bomba la moshi wa kiwanda cha shaba, linalodhaniwa kuwa na aseniki, na nyingine imemwagika karibu na kisima. Mwombe awasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kemikali nchini na ndiyo itakayopima, na awape taarifa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Usiogope kwamba mtashtakiwa. Mtu anayeleta sumu mwenyewe ili ichukuliwe anawapunguzia kazi.

Sasa nikujibu swali lako la kwanza. Ndiyo, ni hatari kweli, na binti yako anastahili shukrani. Kwa kazi aliyokuwa akifanya kaka yake, unga huo uchukuliwe kuwa ni aseniki mpaka maabara iseme vinginevyo.

Nieleze kwa nini nina hakika hiyo. Mawe mengi ya shaba huwa na salfa, na baadhi yake huwa na aseniki iliyofungamana na shaba hiyohiyo. Yapo madini yenye jina la enagaiti ambayo ni shaba, aseniki na salfa kwa pamoja, na mchimbaji hawezi kuokota moja akaacha jingine. Mawe husagwa na kuchujwa hadi yawe makinikia, neno ambalo Watanzania wote walilijua mwaka 2017 pale Serikali ilipozuia makontena ya makinikia ya dhahabu na shaba kutoka nje ya nchi. Makinikia huingia kwenye tanuru lenye joto linalozidi nyuzi 1,200. Shaba huyeyuka na kushuka chini. Aseniki haisubiri joto hilo: hugeuka mvuke mapema, hushikana na oksijeni na kupanda na moshi. Moshi unapopoa ndani ya mabomba marefu, mvuke huo huganda ukawa unga mweupe na kujipaka ukutani, kama masizi yanavyojipaka kwenye dari la jiko la kuni. Ndio unga anaokwangua mwanao. Jina lake la kikemia ni aseniki trioksaidi. Hauna harufu, hauna ladha ya kukushtua, na huko ndiko kulikoufanya karne nyingi kuwa sumu ya kuulia watu kwa siri. Chini ya robo ya gramu yaweza kumuua mtu mzima. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu kadhaa.

Ndani ya unga wa mabombani kwa kawaida kuna pia metali za risasi, kadimiamu na zinki. Kwa hiyo mwanao akipimwa, apimwe na risasi kwenye damu.

Mabomba hayo yamewekwa vinasa vumbi, vingine vya umeme na vingine vya mifuko mirefu ya kitambaa. Kiwanda kizuri hunasa karibu vumbi lote. Lakini kulinasa si kulimaliza, na hapa ndipo nataka kila msomaji anielewe. Dawa nyingi za wadudu huoza udongoni baada ya majuma au miaka. Aseniki ni elementi, yaani kitu cha asili kisichovunjika kikawa kitu kingine, haiozi. Ukiichoma inapanda hewani na kushuka kwa jirani. Ukiizika inangoja maji. Mwaka huu, mwaka kesho, wajukuu wako wakiwa wazee, itakuwa aseniki ileile.

Tazama Yellowknife, kaskazini mwa Kanada. Hapo palikuwa na mgodi wa dhahabu wa Giant ambao ulichoma mawe yenye aseniki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, na vumbi lake ni hilihili la matanuru ya shaba. Miaka ya mwanzo lilitoka kwenye bomba la moshi likaanguka juu ya theluji. Watu wa kabila la Wadene waliokuwa wakiishi karibu waliyeyusha theluji wapate maji ya kunywa, kama walivyofanya babu zao. Mwaka 1951 mtoto mdogo alikufa. Baadaye mgodi ukaanza kulinasa vumbi na kulirundika kwenye vyumba chini ya ardhi, na sasa zimo tani 237,000. Njia waliyoichagua kulidhibiti ni kuigandisha ardhi iliyolizunguka iwe barafu, na kuilinda ibaki barafu. Nchi tajiri kama Kanada, na haikupata namna ya kuliondoa.

Nimekutajia theluji kwa makusudi. Sisi hatuna theluji ila tuna mabati. Nyumba nyingi za Tanga huvuna maji ya mvua, na paa ni sinia kubwa linalopokea chochote kinachoanguka, likikisubiri hadi vuli ianze. Nyumba iliyo karibu na bomba la kiwanda chochote kinachoyeyusha madini au kuchakata betri chakavu isiweke mvua ya kwanza kwenye tangi. Dakika za mwanzo za kila mvua baada ya kiangazi zimwagwe. Na mwelekeo wa upepo uhesabiwe: wakati wa kusi moshi huelekea bara na kaskazini, wakati wa kaskazi hugeuka kusini. Anayepima vumbi mwezi Julai peke yake akasema upande fulani ni salama, amepima nusu ya mwaka. Nalisema hili kwa sababu watu hupewa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira wakaulizwa kama wameridhika. Muulizeni mwandishi wa ripoti alipima miezi gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kuuliza swali kama hilo ni kuitumia.

Turudi kwenye kisima chako. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aseniki katika lita moja ya maji ya kunywa. Piga hesabu nami. Gramu moja ya aseniki ni mikrogramu milioni moja, kwa hiyo inatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji lita 100,000, yaani matangi 20 ya lita 5,000. Gramu moja tu, mama, na mwanao amemwaga vikombe viwili. Tena unga huu huyeyuka majini, polepole lakini huyeyuka. Udongo wenye chuma kingi, ule mwekundu, huishika aseniki na kuichelewesha. Mchanga mweupe wa pwani hauna nguvu hiyo. Ndiyo maana nimekazania turubai kabla ya mvua. Wakija wataalamu, watakwangua udongo wa juu pamoja na unga na kuuondoa kabisa. Msikubali kuambiwa ufukiwe kwa kifusi.

Sasa kijana mwenyewe. Viganja vigumu na ganzi ya miguu kwa mtu aliyekwangua mabomba ya moshi miaka miwili si jambo la kupaka mafuta ya nazi. Aseniki inayoingia kidogo kidogo hujionyesha kwenye ngozi: vijipele vigumu kama punje za mtama viganjani na nyayoni, na madoa meusi yaliyochanganyika na meupe kifuani au mgongoni, kama matone ya mvua yaliyoangukia vumbi. Ganzi huanza vidoleni na kupanda kama soksi inayovutwa. Wanaovuta vumbi hili kwa muda mrefu huweza kutoboka ukuta wa katikati ya pua, kwa hiyo muulize kama hutokwa damu puani. Na lililo zito zaidi ni kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aseniki kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu: ya mapafu, ya ngozi na ya kibofu cha mkojo. Saratani hiyo yaweza kuja miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Kama anavuta sigara aache, maana moshi wa sigara na aseniki wakikutana kwenye pafu moja hatari huzidi.

Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Aanze kwa kueleza kazi yake, kabla ya ganzi. Daktari anayesikia ganzi peke yake atafikiria kisukari au upungufu wa vitamini, na hatakuwa amekosea. Akisikia mabomba ya tanuru la shaba ataagiza vipimo vingine.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani hasa tunapaswa kulijua. Samaki, pweza, ngisi, kamba na mwani wana aseniki nyingi kwa asili yao, lakini ni ya aina nyingine. Ile ya samaki, asenobetaini, hupita mwilini na kutoka kwenye mkojo bila kumdhuru mtu. Shida ni kwamba kipimo cha kawaida hujumlisha aseniki zote. Mtu wa Tanga aliyekula pweza wa nazi jana usiku akipimwa mkojo leo, karatasi itasema amelishwa sumu, kumbe amekula vizuri tu. Kwa hiyo mwanao asile kitu chochote cha baharini siku nne kabla ya kipimo, na dagaa wakavu wamo kwenye hesabu, au maabara iombwe itenganishe aina za aseniki. Nyama, maharage na mchicha havina neno.

Lipo na la upande wa pili. Aseniki hutoka mwilini haraka, kwa mkojo, ndani ya siku chache. Mwanao amerudi mwezi uliopita, hivyo mkojo wake unaweza kuonyesha kiasi kidogo, na mtu akamwambia hana kitu. Majibu hayo yatahusu siku hizi alizokaa nyumbani. Miaka yake miwili imeandikwa kwenye kucha na nywele, ambazo huhifadhi aseniki kwa miezi. Asinyoe wala asikate kucha kabla ya kumwona daktari. Na ninyi nyumbani, hasa watoto, mpimwe pia. Mtoto hucheza chini na kutia mkono mdomoni, na hiyo ndiyo njia kuu ya vumbi hili kuingia kwa watoto popote pale lilipofika. Mtu yeyote katika nyumba akianza kutapika na kuhara maji mengi, msikae mkidhani ni kipindupindu. Kimbieni hospitali na mtaje unga.

Kuhusu maziwa, naomba niliseme kwa heshima, maana nimewakuta mafundi rangi, wachomelea vyuma na wasaga saruji wakiyanywa kwa imani hiyohiyo. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayaifungi aseniki wala hayasafishi mapafu. Madhara yake ni ule utulivu anaokuwa nao mtu akiamini amejikinga. Zipo dawa za hospitali zinazovuta metali hizi kutoka mwilini, na ni daktari wa kuamua kama anazihitaji. Tiba ya kwanza ni kuachana na vumbi.

Halafu nguo zake za kazi. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakizungumzia vumbi la tanuru, lakini hapa maneno yao yanasimama kama yalivyo. Chembe hizi ni ndogo mno, hujificha kwenye mishono, mifukoni, ndani ya viatu. Kama amerudi na ovaroli, msizikung'ute wala msizichanganye na nguo za watoto. Zifungwe kwenye nailoni zikae na ile ndoo, zichukuliwe pamoja. Begi alilobebea unga nalo ni hivyohivyo. Chumba alichofungulia mizigo kipanguswe kwa kitambaa chenye maji, sakafu hadi dirishani, na kitambaa kitiwe kwenye mfuko huohuo.

Kuhusu malori ya bandarini nina habari ya kukupunguzia hofu. Zile sahani nyekundu za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma ni shaba iliyosafishwa kwa umeme hadi kufikia asilimia 99.99. Aseniki yake ilibaki kiwandani, kwenye tope na maji ya kusafishia. Ukizigusa hupati neno, na lori lake likipita halimwagi aseniki. Makinikia ni jambo tofauti. Ni unga, na usipofunikwa vizuri humwagika njiani na gatini. Na si makinikia yote yaliyo sawa. China kwa miaka mingi haikupokea makinikia ya shaba yenye aseniki inayozidi asilimia 0.5, na viyeyushio vinavyokubali yenye aseniki nyingi ni vichache duniani, kiasi kwamba Tsumeb, Namibia, kwa miaka mingi waliyeyusha makinikia yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Bulgaria. Kwa hiyo wapagazi wa bandarini na madereva wana haki ya kuuliza kilichomo kwenye mifuko na kuonyeshwa karatasi yake ya usalama, na wasiridhike na jibu kwamba ni mchanga wa madini.

Likija neno la kujengwa kiyeyushio popote Tanga, iwe Pongwe au kwingine, nitakuwa wa kwanza kutaka kuona mpango wa vumbi la mabomba: litakwenda wapi, na nani atalilinda kiwanda kikishafungwa. Huko Tacoma, Marekani, kiyeyushio cha shaba kilizimwa mwaka 1985 na bomba lake likaangushwa 1993, lakini aseniki yake imeenea kwenye udongo wa eneo linalozidi kilometa za mraba 2,500, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wakibadilisha udongo kwenye viwanja wanavyochezea watoto. Ajira ni kitu kikubwa, sibezi. Mombasa, jirani zetu hapa, mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa na ajira ya kuchakata betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa sababu ya risasi iliyoingia kwenye miili ya watoto wao. Wengi wangependa wasingekuwa na sababu ya kwenda mahakamani.

Na mchwa, maana hilo ndilo lililoanzisha yote. Chimbeni kichuguu mumtoe malkia, nguzo za banda zisimikwe juu ya zege, na dawa mnunue iliyosajiliwa dukani kwa mwenye leseni. Nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kijanikijani zinafaa kusimikia banda, lakini nyingi za rangi hiyo zimetiwa aseniki, kromiamu na shaba. Vipande vyake kamwe visiingie jikoni, kwani majivu yake yana aseniki, na majivu sisi huyatumia kusugulia masufuria.

Mwanao akitaka kurudi kazini baada ya likizo, asiondoke kabla ya majibu. Akifika huko adai mambo matatu kwa maandishi: majibu ya vipimo vyake vyote vya mkojo tangu aajiriwe, barakoa ya vichujio inayobana uso, kwa sababu ile ya kitambaa haizuii chembe hizi, na bafu pamoja na kabati ili avue kila kitu kazini na kutoka akiwa ameoga. Marekani, tangu 1978, sheria imeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aseniki kwenye mita ya ujazo ya hewa anayovuta mfanyakazi kwa saa nane. Aulize hewa ya ndani ya yale mabomba ina ngapi. Wakikosa jibu, asiingie tena humo. Na wale wenzake wanaopelekeana unga huu kwa ajili ya mchwa, awapigie simu leo, kabla hujamaliza kufunga ile ndoo.